Sarafu na redio zangu: nifungue makumbusho uani, nikabidhi Makumbusho ya Taifa, au niazimishe?

MzeeWaHeller: Salaam wanajamvi. Tangu nikiwa karani wa reli nakusanya: heller (sarafu ndogo za enzi ya Mjerumani), senti zenye tundu, redio za mbao. Kipenzi changu ni heller 20 ya 1916, iliyogongwa karakana ya reli Tabora Vita vya Kwanza vya Dunia vilipobana. Vitu vimefika 400 na watoto wa mtaa wanajaa sebuleni. Nina chumba uani. Nifanyeje?

BintiChumbageni: Shikamoo mzee. Uani utasimulia mwenyewe, na hilo halina bei. Ila ukilazwa wiki mbili, nani atafungua mlango? Na mchwa wa Tanga hawana adabu kwa redio.

KamauWaMji: Jifunzeni kwa Joseph Murumbi, aliyekuwa Makamu wa Rais wa Kenya. Aliiuzia serikali hazina yake, na leo vitabu, stempu na sanaa utaviona Nyaraka za Taifa, Moi Avenue, Nairobi. Lakini nyumba yake ya Muthaiga, iliyotarajiwa kuwa taasisi ya masomo ya Afrika, iliachwa ikachakaa hadi ikabomolewa. Vitu vilipona, nyumba haikupona. Mimi ningekabidhi, kwa masharti ya maandishi.

Nyanda_Kisesa: Kukabidhi ndiyo, halafu sarafu ikalale stoo miaka kumi? Njooni Bujora, makumbusho ya Wasukuma huku Kisesa, Mwanza. Padri David Clement, Mkanada, alianza na vitu vya Wasukuma, ngoma za watemi zikiwemo. Kinachojaza watu pale si kabati, ni ngoma zinazochezwa, hasa kwenye tamasha la Bulabo mwezi wa sita. Mzee, washa hizo redio zisikike!

WakiliMdogo: Kabla ya yote, andika daftari: namba, picha, ulikipata wapi, kwa nani. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda vitu vilivyotengenezwa kabla ya 1863, hata milango ya nakshi ya kabla ya 1940. Sarafu zako ni changa, ila kama una mlango wa zamani humo ndani, usiuguse kabla ya kuuliza Idara ya Mambo ya Kale.

BintiChumbageni: Kuna njia ya kati: azimisha sarafu kwa Urithi, makumbusho yetu ya Tanga pale Boma la zamani, mwaka mmoja, kwa hati. Redio zibaki uani.

MzeeWaHeller: Marahaba binti. Mlango ninao, wa bibi yangu. Wakili, njoo inboksi. Daftari nimeanza leo, nimefika namba 31, na tayari kuna redio tatu sikumbuki nani alinipa.