Tupeane uzoefu: moto na moshi wa gemu na katuni, wewe unauandikaje?

Wakuu, habari za kwenu. Niko Mtwara, natengeneza gemu ndogo ya simu yenye karai la kuchomea korosho. Waliokulia huku wanajua: mafuta ya ganda yakishika, ndimi zinaruka na moshi mweusi mzito unafuata. Picha chache zinazojirudia haziwezi kuonyesha hivyo, jicho linashtukia mapema.

Mimi natumia chembe, yaani vidoti vingi vidogo ambavyo programu inavisogeza kimoja kimoja. Mtaalamu wa michoro ya kompyuta William Reeves aliieleza njia hii mwaka 1983, baada ya kutumika kwenye filamu ya Star Trek II ya 1982 kuonyesha moto ukitapakaa juu ya sayari. Kila chembe ina umri wake, na umri ndio unaoamua yote. Chembe ya moto huzaliwa ya njano karibu na nyeupe, ikapoa kuelekea chungwa, nyekundu, ikazimika. Ya moshi huzaliwa ndogo, hutanuka ikipanda huku ikififia. Rangi za moto zijumlishe pale chembe zinapopishana, penye chembe nyingi patang'aa. Za moshi usijumlishe kabisa, hautakuwa mweusi tena.

Nyie je?

Mdau, Masasi: Simu za wateja wangu ni dhaifu, chembe nyingi zinazikwamisha. Natumia gridi ya pikseli, kila moja ikiwa na namba ya joto lake. Mstari wa chini naupa joto la juu, kila pikseli inachukua joto la iliyo chini yake, natoa kidogo kwa bahati nasibu, kisha jedwali linageuza joto kuwa rangi. Ukitaka kusi ivume, sogeza joto upande mmoja.

Mdau, Lindi mjini: Umri uhesabiwe kwa sekunde, jamani, si kwa fremu, yaani kila picha moja inayochorwa kwenye skrini! Simu ya fremu 60 kwa sekunde na ya fremu 30 zitatoa mioto miwili tofauti, huu wa pili unapanda nusu ya kasi.

Mdau, Kilwa: Nafanya katuni, kwa hiyo natumia Blender, programu ya picha za 3D. Ni ya bure, na tangu toleo la 2.82 la mwaka 2020 ina Mantaflow, kifaa cha ndani cha moshi na moto, inakokotoa mwendo wa hewa yenyewe. Shida ni mashine: ukiongeza ukali maradufu kwa urefu, upana na kimo, vijumba vya kukokotoa vinakuwa mara 8.

Mleta uzi: Mkuu wa Kilwa, moshi huo unaingia kwenye simu kweli?

Mdau, Kilwa: Unaingia, ukishakokotolewa. Toa fremu 64, zipange 8 kwa 8 kwenye picha moja, kila chembe izipitie kadiri inavyozeeka. Chembe chache tu zitatosha.