Mikindani, Msimbati au Kilwa Masoko: likizo ya Julai na mtoto wa miezi 20

Mama_Kibena
Wadau wa kusini, naomba mnilinganishie. Tunatoka Njombe Julai kwa siku kumi, baba, mama na mtoto wa miezi 20 mwenye kilo 11. Baridi ya huku mwezi huo mnaijua. Viwanja vya bembea za mashine vya Dar hatuvitaki: foleni, kelele, na mtoto wa umri huo hapandi karibu chochote. Tunataka mchanga, maji ya uvuguvugu na usingizi wa mchana. Nimebaki na Mikindani, Msimbati na Kilwa Masoko. Gari dogo lipo, ila basi na ndege sijavikataa.

Shangani_Juu
Anza na maji, dada, vyumba baadaye. Kabla hujalipa nyumba yoyote tazama mwezi uko wapi tarehe zenu. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu ni bamvu: maji hutoka mbali mnamo saa 4 au saa 5 asubuhi, na hujaa kuelekea saa 10 jioni. Wiki moja baadaye ni maji mafu, mambo yanageuka: saa 4 asubuhi ndiyo yamejaa, na tofauti ya kupwa na kujaa ni ndogo. Kila siku saa zinasogea mbele kwa dakika 50 hivi. Kwa mtoto anayelala mchana, asubuhi ndiyo siku yake nzima, kwa hiyo hilo ndilo linaamua atacheza kwenye nini.

Mikindani ni ghuba iliyofungwa, upepo wa kusi haufiki na mawimbi hakuna. Tatizo ni maji yakitoka: linabaki tope na mizizi ya mikoko, si mahali pa kujenga vijumba vya mchanga. Shangani mjini Mtwara, yakitoka, miamba inabaki wazi na vidimbwi vya maji ya magotini yaliyopashwa na jua. Mtoto anakaa humo saa nzima. Mvalishe viatu vya raba vinavyofunika kisigino, ndala zinanasa na kuchomoka, na kagua kidimbwi kwa mkono kabla hajakaa, maana wale wanyama wa baharini wenye miiba mirefu myeusi hujificha chini ya mawe. Mkiona maji yameanza kurudi, ondokeni wakati huo huo. Wakati wa bamvu hayangoji umalize kukunja kanga.

Mikindani na Shangani zimeachana kama kilomita 10. Lala sehemu moja, tumia zote mbili kwa kufuata maji.

Msimbati ni nzuri kuliko zote, hilo halina ubishi, ila iende kwa siku moja tu. Ni zaidi ya kilomita 40 kutoka mjini, imo ndani ya hifadhi ya bahari iliyoanzishwa mwaka 2000, kwa hiyo kuna kiingilio, na ukikaribia ni mchanga mtupu. Gari dogo linazama. Mwenye gari refu anapunguza upepo wa tairi hadi pauni 18 hivi, haongezi mafuta ghafla, na anabeba pampu ya kurudisha upepo akifika barabara ngumu. Ninyi kodini gari na dereva wa huko huko. Chakula, maji ya kunywa na kivuli mbebe wenyewe.

Kivinje_Asilia
Mtwara mnajipendelea. Kilwa Masoko pwani iko mlangoni, mji mdogo, magari machache, mtoto anatembea bila kushikwa shikwa. Halafu wazazi nao ni watu. Kilwa Kisiwani ipo ng'ambo tu, na pamoja na Songo Mnara imo kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 1981. Kibali kinakatwa Masoko kabla ya kupanda mashua. Vukeni asubuhi mapema, kusi ya Julai huongezeka kadiri jua linavyopanda, na kurudi saa 8 mchana ni kulowa.

Masharti mawili. Jaketi okozi la mtoto ulizeni siku moja kabla, kwa sababu mashua nyingi zina ya watu wazima tu. La kilo 11 liwe na kola inayoinua kichwa na mkanda unaopita katikati ya miguu, bila huo mkanda akianguka jaketi linabaki juu na mtoto anachomoka chini. La pili, kigari cha kusukuma kiacheni. Njia ni mawe na mizizi, na Husuni Kubwa, gofu la jumba la kale, iko ukingoni mwa mwinuko mkali, ina kuta zilizobomoka na birika la pembe nane lisilo na kizuizi. Mbeleko mgongoni, basi.

Shangani_Juu
Mkuu, Kisiwani sikatai. Ila mtoto akipandisha homa usiku, hospitali ya wilaya iko Kilwa Kivinje, si Masoko. Mtwara, hospitali ya Ligula iko mjini.

Njia_ya_Tunduru
Niseme barabara, maana ndiyo itakayowachosha kabla ya bahari. Njombe hadi Mtwara kwa Songea, Tunduru na Masasi ni karibu kilomita 900, lami. Msiigawe nusu kwa nusu. Siku ya kwanza Njombe hadi Songea, nusu siku tu, mtoto azoee. Siku ya pili ndiyo ndefu, Songea hadi Masasi, kilomita zipatazo 460, ondokeni saa 12 asubuhi. Ya tatu Masasi hadi Mtwara, kama 200, mnafika kabla ya chakula cha mchana. Usiku msiendeshe kati ya Namtumbo na Tunduru, wanyama huvuka barabara.

Kwa Kilwa, mkifika Mnazi Mmoja mnakata kushoto kupitia Lindi na Nangurukuru, zaidi ya kilomita 200, wakati kwenda Mtwara zimebaki 80 na kidogo. Na mtoto, huo ni mchana mwingine mzima.

Mkipanda basi, Songea kwenda Masasi mnaelekea mashariki, na Julai jua liko kaskazini. Kaeni upande wa dereva. Upande wa mlango jua linampiga mtoto kutwa nzima kupitia kioo, na pazia la basi halizuii joto. Wabena huwa mnashuka na sweta mpaka Masasi. Mvalishe tabaka tatu nyepesi, moja ivuliwe Songea, nyingine Tunduru, la sivyo anafika na harara shingoni na kwenye makunjo. Akiwa mtu wa kutapika garini, asubuhi mpe uji mzito kidogo tu, maziwa yasubiri kituo.

Ndege: Dar hadi Mtwara ni kama saa moja, na wa chini ya miaka 2 hukaa mapajani kwa nauli ndogo. Angalieni tarehe ya kurudi, umri unahesabiwa kwa kila safari, si siku ya kukata tiketi. Ndege ikianza kushuka anyonye au anywe, ndivyo masikio yanavyofunguka.

Nesi_wa_Lindi
Mnalinganisha fukwe, mmesahau mbu. Njombe malaria ni kidogo sana. Mtwara na Lindi bado ipo, na mtoto wa nyanda za juu hana kinga yoyote, kwa hiyo kwake homa inapanda haraka na si ya kungoja kesho. Chandarua chenye dawa mje nacho, vya nyumba za wageni vingi vina matundu au havifiki sakafuni. Kichomekwe chini ya godoro kabla ya saa 12 jioni. Dawa ya mbu ipakwe miguuni na mikononi, si viganjani, maana vidole vinaingia mdomoni. Wiki moja au mbili kabla ya safari mpelekeni kliniki mwulize habari ya dawa ya kinga kwa uzito wake.

Nyuzijoto 38 au zaidi, apimwe siku hiyo hiyo. Msimpe dawa mseto ya malaria kwa kukisia. Na mkirudi Njombe akapata homa ndani ya wiki kadhaa, mwambieni daktari mlikuwa pwani, la sivyo huko wataanza kutafuta mafua.

Kuhara: ORS pakiti moja kwa lita moja kamili ya maji yaliyochemshwa yakapoa. Chupa ya nusu lita inajazwa mara mbili, mkipunguza maji chumvi inazidi. Kila akiharisha, mililita 50 hadi 100, kwa kijiko. Ikipita saa 24, mwaga. Zinki miligramu 20 kwa siku, siku 10, hata kama amepona siku ya tatu. Kinyesi chenye damu, macho yaliyozama au mtoto asiyeamka vizuri, hapo ni hospitali moja kwa moja.

Mama_Kibena
Asante sana, dada nesi. Basi Kilwa naiweka akiba mpaka afike miaka mitano. Mkuu wa Shangani, nyumba za pembeni ya mji, kule kwenye mikorosho, bei yake ni nafuu. Zina shida gani?

Mkulima_Nanyamba
Hapo nijibu mimi. Julai ni msimu wa kupuliza salfa kwenye mikorosho kuzuia ubwiri unga. Mabomba yanawashwa alfajiri upepo ukiwa umetulia, na vumbi la njano linatua kwenye nguo, maji na macho. Mtu mzima anakohoa, mtoto ndiyo zaidi. Uliza kabla ya kulipa: shamba la jirani liko umbali gani, na wamepuliza lini? Likiwa ukutani, ghairi. Korosho za kukaanga asipewe nzima, zinakaba. Zisagwe ziwe unga laini, achanganyiwe kidogo kwenye uji, na kama hajawahi kula mpeni asubuhi mkiwa karibu na mji ili muone kama atavimba au kutoka vipele. Ambayo haijabanguliwa asiiguse kabisa, mafuta ya ganda yanachubua ngozi kama moto.

Shangani_Juu
Na pampasi za kawaida msimwingize nazo baharini, zinafyonza maji mpaka zinamvuta chini. Nepi ya kitambaa na chupi ya kubana juu yake inatosha. Ukishajua tarehe zitaje hapa, nitakuandikia siku zipi ni za Mikindani na zipi ni za Shangani.