Kikundi cha Familia, Knoxville, Tennessee: Tuichangie redio ya WDVX?

Baba Riziki: Habari za jioni familia. Nina jambo. Ile redio ya nyimbo za country na za milimani ninayofungua garini, WDVX, wanaomba wasikilizaji wachangie. Nimewaza tutoe kama familia, kwa jina moja. Kabla sijaanza kukusanya nataka kila mtu aseme anaionaje. Semeni ukweli, hakuna wa kununa.

Mama Neema: Shikamoo kaka. Ukweli ni kwamba nikipanda gari lako naombea moyoni ubadilishe. Kila wimbo mtu amelewa, ameachwa, au yuko jela. Na watoto wako kiti cha nyuma.

Baba Riziki: Marahaba dada. Endelea.

Mama Neema: Ni hilo tu. Vyombo vyao navipenda, hasa banjo. Maneno ndiyo yananikwaza.

Juma Dereva: Mimi natoa, msinihesabu mara mbili. Nikiwa njiani naacha redio nyingi nyuma, na ukishazisikia mbili tatu za country umezisikia zote. Nyimbo zile zile, asubuhi zinapigwa, mchana zinarudi, jioni tena. Unajua kabisa hakuna mtu aliyekaa akachagua. WDVX mtangazaji anakwambia huyu ni nani, anatoka kijiji gani, fidla anayopiga alirithi kwa nani. Halafu anaweka wimbo wa miaka ya 30, akitoka hapo anaweka kijana aliyerekodi mwaka huu.

Juma Dereva: Tatizo ni milima. Ukielekea Kentucky inakatika, inarudi, inakatika. Nikifika huko naifungua kwa simu.

Riziki: Shikamooni wote. Watu huuita huo muziki "alternative country" au Americana. Ni wale waliokataa country ya kung'arishwa ya Nashville. Hata hapa mjini tulikuwa nao, bendi ya V-Roys miaka ya 90. Ila WDVX hawabagui, bluegrass ipo, ile ya banjo na fidla za milimani, blues ipo, nyimbo za zamani kabisa zipo.

Mama Furaha: Mimi naisikilizaga ku kazi. Tuko tunakunja mashuka, yanatoka kwenye mashine yanachoma mikono, na kuko mama mmoja wa huku huku milimani, yeye ndiye anafunguaga redio. Nyimbo zote anazijua. Siku moja wakapiga moja ya wachimba makaa, akaacha shuka, akasimama tu. Babu yake alikufa na mapafu, sababu ya vumbi ya mgodi. Mimi nikamuelezea kaka yangu aliyefia ku machimbo ya dhahabu kule Kivu. Tulikuwa tumefanya kazi pamoja muda mrefu, salamu tu. Kuanzia siku ile tunaongea. Mama Neema, ni kweli ziko nyimbo za pombe. Lakini ziko na za watu waliokufa kazini, na hizo watoto wetu wazisikie.

Mama Neema: Pole sana mwanamke mwenzangu. Hilo la kaka yako sikuwahi kulijua.

Mama Furaha: Asante dada.

Shemeji wa Kericho: Hamjambo wakwe zangu. Naona mnajadili country bila Mkenya, hiyo haiwezekani. Kwetu Jumapili ukipita mtaani unasikia Jim Reeves na Don Williams kila nyumba ya pili. Tunaye hata msanii wetu, Sir Elvis, anaimba country Nairobi na watu wanajaa.

Lakini la kuwaambia hasa ni hili. Mwaka 1950 Hugh Tracey, yule aliyezunguka Afrika akirekodi ngoma za watu, alifika kwetu Wakipsigis. Akakuta wasichana wanamwimbia Chemirocha. Huyo ni Jimmie Rodgers, Mmarekani wa country aliyefariki 1933! Santuri zake zilikuwa zimefika kijijini na gramafoni, watu wakasikia sauti bila kumwona mtu, wakamfanya nusu binadamu nusu swala. Wimbo wenyewe ni mtamu ajabu, unapigwa na kibugandet, kinubi chetu. Kwa hiyo asituambie mtu kwamba sisi ni wageni kwenye muziki huu.

Riziki: Shemeji nimeisikiliza sasa hivi!! Nimeirudia mara mbili. Wale wasichana wanaimba kama hawataki kuamsha mtu.

Riziki: Na hapo ndipo nina langu la kusema. Banjo ilitoka Afrika Magharibi, watumwa ndio walioileta. Knoxville penyewe, mwaka 1930, Howard Armstrong alirekodi fidla hapa mjini na wenzake. Kijana mweusi, alikulia LaFollette, saa moja tu kutoka hapa. Wenzangu chuoni ukiwaambia wanashtuka, wanadhani country ni ya wazungu peke yao. Mimi ninachokiomba kwa redio yoyote ya muziki huu ni kwamba historia hiyo isisubiri Februari, mwezi wa historia ya Weusi. Armstrong apigwe Jumanne ya kawaida. Rhiannon Giddens, mwanamuziki mweusi wa leo, apigwe na banjo yake. Tukitoa mchango tuandike na ombi hilo.

Baba Riziki: Umesema vizuri mwanangu. Andika.

Juma Dereva: Mimi swali langu, kwani hawana matangazo ya biashara? Hizo hela za wasikilizaji ni za nini?

Baba Riziki: Ni redio isiyo ya biashara, Juma. Wana wafadhili wanaotajwa majina, lakini hakuna anayekupigia kelele ukanunue godoro. Na ujue mwaka 2025 Bunge la Marekani lilifuta dola bilioni 1.1 zilizokuwa zimetengwa kwa redio na televisheni za umma. Tangu hapo vituo vya namna hii nchi nzima vinamtazama msikilizaji.

Nawaambieni kwa nini hili liko moyoni mwangu. WDVX ilianza 1997 huko Clinton ndani ya karavani ya futi 14. Karavani ya kulalia kambini! Mtangazaji, mashine, santuri, wageni na magitaa yao, wote humo. Nilipoambiwa hivyo nikakumbuka Lukole, kambi yetu kule Tanzania. Mnakumbuka Radio Kwizera ya Ngara? Mapadri wa Jesuit Refugee Service waliianzisha 1995 kwa ajili yetu wakimbizi. Haikuwa redio kubwa. Lakini betri ikiisha baba alikuwa anaianika juani ili apate nusu saa nyingine. Sikumbuki hata mara moja tulipofikiria kwamba ile redio inahitaji kulipiwa na mtu. Yupo mtu aliyelipa, hatumjui, na sisi tukasikiliza. Sasa tuna mishahara.

Mama Neema: Kaka umenigusa hapo. Ile betri juani naiona.

Mama Furaha: Kweli kabisa. Hata sisi Uvira tulikuwa tunazianikaga.

Riziki: Bibi ametuma sauti kwangu, anasema niwaandikie kwa sababu wengine mko kazini. Anasema hivi:

"Mnasema redio, mimi nimeiona kwa macho. Mjukuu wangu alinipeleka pale Gay Street, kwenye ile nyumba ya kupokea wageni wa mji, saa sita mchana. Bure. Hakuna aliyeniuliza kitambulisho wala natafuta nini. Watu wamekaa, wengine na chakula chao kwenye karatasi, wanakula polepole. Mbele kuna kijukwaa kidogo. Akapanda mzee na fidla, kidevu chake kimekaa juu ya mti, na nywele mbili tatu za upinde zimekatika zinapepea. Akaanza kupiga, mguu wake wa kulia unagonga mbao. Mimi nikasikia zeze la kwetu. Alipomaliza alikuja kunishika mkono, sijui alisema nini. Toeni hiyo hela."

Juma Dereva: Shikamoo Bibi! Nimekusikia 🙏🏾

Shemeji wa Kericho: Bibi amefunga mjadala.

Riziki: Kile kipindi kinaitwa Blue Plate Special, ni laivu na mtu yeyote anaingia. Si jambo jipya Knoxville. Tangu 1936 redio ya WNOX ilikuwa na kipindi cha mchana hivyo hivyo mbele ya watu, Chet Atkins, yule mpiga gitaa maarufu wa country, alikua kikazi pale. Ndiyo maana sikubali wanaosema twende tukasikilize kwa programu za simu tu. Simu haimshiki Bibi mkono.

Mama Neema: Sawa. Mimi naweka dola 10. Lakini sijabadilika kuhusu pombe, garini kukiwa na watoto na ukianza wimbo wa baa, kaka uzime. Na kwenye barua andikeni tunaomba nyimbo za injili zaidi, zile za sauti nne bila ala. Zile ni ibada kabisa.

Baba Riziki: Nitazima, dada. Una haki.

Mama Furaha: Dada nimewaza kitu. Kwaya yetu ya kina mama si inaimba sauti nne? Kama pale wanapanda watu hata wasiojulikana, kwa nini tusiombe siku moja? Tuimbe Kiswahili na Kirundi, na Shemeji alete kinubi.

Shemeji wa Kericho: Kinubi kiko Kericho kwa mjomba. Nitamwambia mtu anayekuja Desemba.

Mama Neema: Laivu redioni?? Mama Furaha, tutahitaji mazoezi ya kweli, si yale ya robo saa kabla ya ibada. Sauti ya tatu imelegea tangu Pasaka.

Mama Furaha: Basi Alhamisi baada ya kazi, kwangu. Nitapika sombe.

Baba Riziki: Hadi sasa: Juma, Mama Neema 10, mimi 25. Wengine nitumieni kabla ya Ijumaa. Riziki, andika barua ya mchango kwa Kiingereza kizuri, weka ombi lako la Armstrong na la shangazi yako la injili, halafu uulize utaratibu wa kuomba kuimba pale. Usitume kabla sijaisoma.

Riziki: Sawa baba. Naweka na habari ya Chemirocha, huenda wakaipiga.

Juma Dereva: Dola 15 zangu zimeshaingia, angalia. Mkijua siku ya kwaya niambieni mapema niombe ruhusa kazini.