Ushauri: mashine mbili za plastiki, umeme unakatika, na beseni la nje linauzwa kwa gharama yangu

KarakanaPwani

Wakuu, habari za muda huu. Naomba ushauri, na nitaweka namba ili tusipige ramli.

Karakana iko Gongo la Mboto, Dar. Kuna mashine mbili za injekshen (zinayeyusha plastiki na kuisukuma ndani ya moldi, yaani kalibu), tani 160 na tani 200 za kubana moldi, zote za pampu ya kizamani inayozunguka muda wote, si servo. Mota ni kilowati 15 na 18.5, hita ni kilowati 9 na 12. Ya tani 160 inatoa hanga na vibanio vya nguo. Ya tani 200 inatoa mabeseni ya PP (plastiki ya polipropilini) ya kipenyo cha sentimita 30, gramu 220 kila moja. Zamu ni moja ya saa 12, siku 26 kwa mwezi. Uniti zinaenda 9,360 hivi, plastiki kilo 7,800. Tuko T1, kundi la bei la TANESCO la matumizi ya kawaida.

Shida ni tatu. Umeme ukikatika, punje za plastiki zinagandana kwenye koo la hopa (chombo cha juu kinachoilisha mashine) na kuzibua kunachukua zaidi ya saa nzima. Jioni volti zinashuka. Mabeseni mengine hayajai, mengine yanatoka na ndevu (plastiki iliyovuja) pembeni. Halafu Kariakoo beseni la saizi hiyohiyo kutoka nje linauzwa jumla kwa pesa ambayo kwangu ni gharama tu, faida bado.

Nawaza jenereta ya kVA 100. Kuna mtu ananishawishi nifunge sola ya kilowati 20. Na TANESCO wanasema nahamia T2, kundi la watumiaji wakubwa. Nianze na lipi? Natanguliza shukrani.

Moldi_Mbili

Mkuu, kabla hujanunua chochote chenye injini, kapime beseni la mshindani kwenye mizani. Mengi ya saizi hiyo yana ukuta wa milimita 1 hivi, na uzito unaangukia gramu 150. Lako la gramu 220 lina ukuta wa milimita 1.5.

Sasa piga hesabu. Uniti 9,360 kwa kilo 7,800 ni uniti 1.2 kwa kilo. Beseni lako linakula uniti 0.264, na kwa shilingi 292 ya T1 ni shilingi 77 kabla ya tozo na VAT. Upande wa malighafi, tuseme kilo ya PP inakufikia kwa 3,500 (weka bei yako). Tofauti ya gramu 70 ni shilingi 245. Maana yake hata TANESCO wakikupa umeme bure, bado yule anakushinda kwa uzito peke yake.

Halafu kata kipande cha beseni lake, ukubwa wa ukucha, kitumbukize kwenye glasi ya maji. Kisugue kwanza kwa kidole kitoke mapovu, maana povu moja linaweza kukidanganya kielee. PP safi inaelea, uzito wake ni 0.9 hivi ukilinganisha na maji. Kikizama, kuna chokaa ya kalsiamu ndani. Kuanzia kama asilimia 15 ya uzito inatosha kuzamisha. Kichome pia: PP safi haiachi majivu ya maana, yenye chokaa inaacha unga mweupe. Ukishajua hilo ndipo utajua unashindana na nini. Kama ni chokaa, beseni lile linaweza kupasuka kwenye ukingo mapema, na hiyo ndiyo hoja ya kumpelekea muuza jumla, siyo "tununue vya nyumbani".

Kuhusu ndevu: hazitokani na umeme moja kwa moja. Beseni la sentimita 30 lina eneo la sentimita za mraba 707. Kwa ukuta mwembamba wa PP unahitaji angalau tani 0.3 za kubana kwa kila sentimita ya mraba, yaani tani 212. Mashine yako ni 200. Iko pembeni kabisa ya uwezo wake, na mtendaji akiongeza presha kidogo moldi inafunguka unywele, plastiki inatoka. Nakisia mlolongo wenu uko hivi: volti zinashuka, hita zinapoa, beseni halijai, mtu anapandisha presha na joto, volti zikirudi, ndevu. Nina hakika nusu, lakini kagua.

Dawa ni malighafi inayotiririka zaidi. Wengi hapa mjini wananunua PP ya viroba kwa sababu ipo tele, na ile MFI yake (kipimo cha utiririkaji) ni 3 tu. Ni nzito kama uji wa muhogo. Kwa beseni tafuta MFI 12 hadi 25, iliyoandikwa kuwa ni ya injekshen. Presha itashuka, na joto unaweza kulishusha nyuzi 10 hadi 15.

FeziTatu

Nachukua upande wa umeme.

T1 na T2 kwanza. Kwa orodha ya 2016 ya EWURA, mdhibiti wa nishati na maji, T1 ni 292 kwa uniti. T2, ya wanaovuka uniti 7,500 kwa mwezi, ni 195 kwa uniti, na juu yake 15,004 kwa kila kVA ya kilele chako (mzigo mkubwa kuliko wote uliovuta mwezi huo), na 14,233 ya huduma. Wengi wanaona 195 wanafurahi. Kwako T1 ni 2,733,120. T2 ukiwa na kilele cha kVA 60 ni 1,825,200 + 900,240 + 14,233 = 2,739,673. Hujaokoa hata shilingi, umelipa 6,500 hivi zaidi. Ukishusha kilele hadi kVA 45 inakuwa 2,514,613. Kanuni rahisi: kila kVA ya kilele lazima itumike kuvuta uniti 155 kwa mwezi ndipo T2 ianze kukulipa.

Kilele kinashuka hivi. Asubuhi usiwashe hita za mashine zote mbili pamoja. Ya 200 ianze, baada ya dakika 40 ya 160 ifuate. Kisagio cha mabaki kisifanye kazi wakati mashine inapasha. Kisha kapasita za hatua, kVAR 30 jumla (kVAR ni kipimo cha ukubwa wa kapasita), zinazojiwasha zenyewe: kilowati 42 kwenye pawafakta (sehemu ya umeme unaovutwa inayofanya kazi kweli) ya 0.7 ni kVA 60, kwenye 0.95 ni kVA 44. Ukiwa bado T1 usinunue kapasita kwa ajili ya bili, T1 haikutozi kVA. Vile viboksi vya "kuokoa umeme" vya kuchomeka ukutani ndiyo usiviguse kabisa. Na siku ukiweka jenereta, kapasita zizimwe kabla ya jenereta kupokea mzigo, la sivyo volti zinapaa.

Volti za jioni: pima kwenye terminali za mashine, mashine ikiwa inafanya kazi, fezi zote tatu, saa 2 asubuhi, saa 7 mchana na saa 1 jioni, siku saba. Andika. Kwenye 350 badala ya 400 hita inatoa asilimia 77 tu ya joto lake, na huenda hiyo ni sababu moja ya beseni kutojaa. Fezi moja ikitofautiana na wastani kwa zaidi ya asilimia 2, mota inaungua taratibu. Hiyo karatasi ya siku saba ndiyo unayopeleka TANESCO ukiomba wasawazishe fezi au wapandishe tapu (sehemu ya kurekebisha volti) ya transfoma. Ukienda na maneno "umeme mdogo" utaambiwa subiri.

Watu watakuambia umeme sasa upo mwingi, na ni kweli Bwawa la Nyerere kule Rufiji limekamilisha mitambo tisa ya megawati 235. Mgao wa 2023 ulitokana na uhaba wa uzalishaji. Lakini megawati 2,115 za Rufiji hazinyooshi waya mwembamba wa mtaani kwako wala hazibadilishi transfoma iliyozidiwa.

Funga rilei (swichi inayojikata yenyewe) ya kulinda fezi na volti kwenye kila mashine: ikate chini ya 340 na juu ya 440.

Mzee wa Hopa

Koo la hopa kuziba kuna sababu moja: maji ya kupoza yanasimama pamoja na umeme. Pipa la skrubu, linaloyeyusha plastiki, lina nyuzi 220, moto unatambaa kurudi nyuma, punje zilizo kooni zinalainika, zinashikana kama kashata. Hapo huhitaji jenereta ya kVA 100. Weka simtank ya lita 500 juu, mita 3 kutoka kwenye koo, bomba la nusu inchi lenye vali. Umeme ukienda, fungua vali maji yapite kooni taratibu. Lita 4 kwa dakika zinatosha; tanki linakupa saa mbili. Maji yakusanywe chini, yasimwagike.

Utaratibu wa mtendaji umeme ukikatika: afunge mlango wa hopa, afungue vali ya tanki, azime breka kuu, arudishe swichi za hita na mota kwenye sifuri. Kuzima breka ni kwa ajili ya ule mshtuko wa umeme unaporudi. Kadi za kudhibiti joto zinakufa hapo.

Umeme ukirudi ndipo watu wanapoharibu. Saa ya hita ikionyesha 220 mtu anabonyeza skrubu izunguke. Chuma cha nje kimefika 220, plastiki ya katikati bado ngumu, na ncha ya skrubu inakatika. Hita zikifika joto, subiri dakika 25 nyingine. Kisha sukuma kwa kasi ndogo, presha ya nyuma sifuri, toa plastiki chini mara nne au tano mpaka madoa meusi yaishe, ndipo ufungue hopa. Kama beseni lilibaki ndani ya moldi, limeshika kwenye kiini, yaani upande wa ndani wa moldi. Fungua pole pole na ulitoe kwa hewa ya kampresa au kijiti cha mbao. Bisibisi usiiguse, itachora moldi.

FeziTatu

Naongezea kwenye hoja ya Mzee. Ukitaka jenereta, ya kVA 30 inatosha kushikilia hita, pampu ya maji na udhibiti. Hita zikishafika joto zinahitaji kama theluthi tu ya kilowati zake. Shusha hadi nyuzi 170 mkisubiri. Mota za haidroliki zibaki zimezimwa.

Kuzalisha kwa dizeli ni kitu kingine. Lita 0.3 kwa uniti, dizeli ikiwa 2,800 ni shilingi 840 kwa uniti. Beseni lako linapanda kutoka 77 hadi 222 za umeme. Fanya hivyo ukiwa na oda yenye faini ya kuchelewa tu.

Sola ya kilowati 20 Dar inatoa uniti 85 hivi kwa siku. Wewe unatumia 360. Na inveta ya kuunganishwa na gridi bila betri inajizima umeme wa TANESCO ukikatika, kwa usalama wa mafundi wa laini. Anayekuuzia kama dawa ya kukatika umeme muulize hilo mbele ya shahidi. Inapunguza bili ya mchana, basi.

Kontena40

Mimi naangalia meza ya upande wa pili, mzigo unaoingia.

Kontena la futi 40 lenye kimo kirefu (high cube) linabeba mita za ujazo 68 kwa upangaji halisi. Mabeseni yanaingiana, kila moja linaongeza sentimita 2 tu kwenye rundo. Yanaingia 35,000 hivi. Dumu la lita 20 haliingiani na mwenzie, yanaingia 2,400 hivi. Chukulia usafiri na utoaji bandarini ni dola 4,000: beseni linabeba senti 11 za dola, dumu dola 1.7. Vibanio vya nguo havibebi kitu kabisa. Wewe umechagua bidhaa tatu ambazo meli inazipenda kuliko zote.

Ushuru unakusaidia, lakini si ukuta. Plastiki ghafi inaingia kwa sifuri kwenye ushuru wa pamoja wa Afrika Mashariki, bidhaa iliyokamilika angalau asilimia 25. Ila ushuru ni asilimia ya thamani iliyotangazwa. Thamani ikitangazwa chini, asilimia 25 ya kidogo ni kidogo.

Madumu mashine zako haziwezi, yale ni ya mashine za kupuliza hewa. Ila tazama kopo la rangi la lita 4 na mfuniko wake. Kipenyo sentimita 19, eneo 283, hata kwa tani 0.4 ni tani 113. Mashine ya 160 inalibeba bila jasho. Linaingiana, ndiyo, lakini mteja wako ni kiwanda cha rangi: anataka rangi yake, nembo yake, makopo 3,000 wiki hii na 1,500 wiki ijayo. Hakuna anayeagiza hayo kwa meli ya wiki sita. Vivyo hivyo vifuniko, boksi za swichi za ukutani, trei za miche.

StimaNairobi

Wakubwa, neno moja. Huku Kenya viwanda vilipewa punguzo la stima ya usiku tangu Desemba 2017, nusu bei kwa uniti zinazozidi kiwango chako cha kawaida, kwa hivyo zamu ya usiku inalipa. Tanzania bei ya T1 haina usiku na mchana, lakini ukihamisha mabeseni usiku wa manane volti zitakuwa zimetulia. Hanga ziende mchana.

KarakanaPwani

Asanteni sana wakuu. Nimefanya jaribio la glasi: kipande cha beseni la nje kimezama, na beseni zima lina gramu 148. Jenereta ya 100 nimeiweka pembeni, tanki naanza nalo. Swali: hiyo rilei ya fezi, ikishakata, niiache irudishe yenyewe umeme ukirudi?

FeziTatu

Si kwa vyote. Kwa hita iweke irudi baada ya dakika 5, maana laini ikirudi huwa inacheza mara mbili tatu kabla haijatulia. Kwa mota weka ya kurudishwa kwa mkono. Mota ikijiwasha yenyewe huku mtu ana mkono ndani ya moldi akitoa beseni lililoganda, huyo mtu hana mkono tena.

Moldi_Mbili

Na beseni likizama, usichanganye chokaa na wewe ili mlingane. Inakula skrubu na pipa. Peleka moldi kwa fundi wa kusaga, uso wa kukutania upunguzwe milimita 0.3: kiini kinaingia ndani zaidi, sakafu ya beseni inapungua kiasi hichohicho, ukuta unapungua kidogo kwa sababu ya mteremko. Ila akumbuke kuangalia pini za kusukumia na ukingo, vinaweza kuhama kwa 0.3. Pima mabeseni kumi kabla na kumi baada.