Tupeane uzoefu: mkubwa ana miaka 2, mdogo ana wiki 5, mliwezaje?

Habari za humu ndani. Mama mkwe alikuwa nami tangu nitoke hospitali: ananikanda, ananipikia mtori, mkubwa analala naye. Juzi kapanda basi kurudi Moshi, nimebaki na watu wangu wawili.

Jana asubuhi nimekaa nanyonyesha, mara mkubwa kimya. Mwenye mtoto wa umri huo anaujua ukimya ule. Nimeinuka na mdogo ziwani, namkuta jikoni kamwaga unga wa lishe wote kwenye ndoo ya maji, anakoroga kwa mwiko. "Napikia mtoto." Nilishindwa nimchape au nicheke. Unga wenyewe ndio ulikuwa wa wiki nzima!

Usiku sasa, akilala huyu anaamka yule, utadhani wamepangiana zamu. Dada wa kazi bado sijapata. Mliopita hapa, semeni.

Mama Watatu, Tegeta
Pole mwaya. Huyo hakusumbui, anatafuta kazi. Wangu nilimpa cheo cha kuleta pampasi, akawa anatembea kifua mbele. Ila usimwachie zilizotumika. Siku moja baba yake kafungua begi kazini, mbele ya watu, akakutana na mzigo.

Baba K
Niseme kwa upande wetu. Sheria ya kazi Tanzania inampa mama likizo ya siku 84, baba siku 3. Zangu, ya kwanza iliishia hospitali, ya pili sokoni, ya tatu kupokea wageni. Kwa hiyo tukakubaliana: nikirudi jioni, mkubwa ni wangu. Namwogesha, namlisha, namweka mabegani tunaenda kununua luku, mama mtu anapata saa moja ya kulala. Nisiwadanganye, wiki ya kwanza alinikataa kabisa. Alilia "nataka mama" mpaka jirani akaja kuuliza kama kuna msiba.

Bi Mkubwa, Mombasa
Huku Kenya baba ana wiki 2 kisheria, na wangu alizimaliza barazani na kahawa yake. Basi tuyaache hayo. Mwanangu mkubwa alikuwa keshaacha ziwa, kumuona mdogo wake ananyonya naye akataka. Mamangu akaniambia nipake shubiri kama zamani. Roho haikuniruhusu. Nikamkamulia kidogo kikombeni, akaonja, akakunja uso: "Ya mtoto." Hakuomba tena.

Mgeni wa Jiji
Nina mimba ya miezi 7 na mwingine wa mwaka na nusu. Nasoma huku natetemeka.

Mama Pacha Bandia
@Mgeni, usitetemeke, ila kadi ya kliniki ya mkubwa iangalie leo leo. Chanjo ya pili ya surua ni miezi 18, mimi iliniponyoka kwa uchovu wa mimba, nikaja kukumbuka baadaye sana. Halafu mkubwa akaanza kukonda. Majirani wakanikalia kikao: kabemendwa, mlikosa subira. Nililia jamani. Namfikisha kliniki, kumbe minyoo, akapewa dawa. Sasa hivi anakula mpaka chakula changu, na wale wa kikao hakuna aliyerudi kuniomba radhi.

Baba K
@Mama Pacha, hao majirani tunao kila mtaa.

Mwenye uzi
Asanteni, nimecheka mpaka mshono umeniuma. Leo nimejaribu la Mama Watatu: nimempa mkubwa sufuria tupu, mwiko na vifuniko viwili, nikamwambia ampikie mama uji. Kapiga kelele za kutosha lakini nilimwona muda wote, na mdogo kanyonya hadi kaachia ziwa mwenyewe. Uji umeletwa, nimepuliza, nimekunywa, nimesifia. Sasa kajaza kijiko kingine cha hewa anaelekea nacho kitandani kwa mdogo wake, na mkono wa pili ana biskuti. Ngoja niwahi.