Wanaowauzia vijana wetu baiskeli za fiksi zisizo na breki wala loknati waache biashara hiyo

Assalaam alaykum ndugu zangu wa Unguja na Pemba, pamoja na mliopo nje.

Naandika nikiwa na hasira, na sababu yake nitaieleza kwa urefu ili asije mtu akasema nimesingizia. Katika zaidi ya banda moja la baiskeli hapa mjini nimekuta mtindo ule ule: inachukuliwa baiskeli kuukuu ya giya moja, inavuliwa breki ya mbele na ya nyuma, friwili yake inachomelewa isiweze tena kuzunguka yenyewe, fremu inapigwa rangi ya kung'aa, kisha inauzwa kwa kijana wa skuli kwa bei inayozidi ile ya baiskeli iliyokamilika. Kijana anaambiwa kuwa hiyo ndiyo fiksi, kwamba fiksi haiwekwi breki, na kwamba anayeomba breki bado hajajua kuendesha. Kauli hii ya mwisho ndiyo inayonichoma zaidi, kwa sababu lengo lake ni kumtia mnunuzi aibu ili asiulize anachouziwa.

Wasiozijua baiskeli hizi naomba wanivumilie. Baiskeli tulizokulia nazo zina friwili, yaani ukiacha kupiga pedeli miguu inatulia na gurudumu linaendelea kwenda. Fiksi haina kitu hicho. Sproketi ya nyuma, yaani kile kigurudumu cha meno kinachovutwa na mnyororo, imeshikamana na habu, yaani kitovu cha gurudumu, kwa hiyo muda wote gurudumu linapozunguka pedeli nazo zinazunguka, iwe mteremkoni, kwenye kona au pale unapotamani kupumzika, na mwendeshaji hupunguza mwendo kwa kuzizuia pedeli kwa nguvu ya miguu. Ni baiskeli nzuri. Nasema hivyo kwa mapenzi ya kweli, kwani naiendesha mwenyewe asubuhi katika barabara ya Fumba, na wakati wa kusi, upepo unapokupiga usoni tangu unatoka mjini, hakuna baiskeli nyingine inayokufundisha kutumia miguu yako kwa utulivu kama hiyo. Kwa hiyo asije mtu akanijibu kuwa nazichukia fiksi au kwamba ni mtu mzima asiyependa mambo ya vijana.

Ninachokipinga ni wizi uliojificha ndani ya habu. Friwili na sproketi ya fiksi zote hufungwa kwa hesi ya kulia, yaani inayokazika ukiizungusha upande wa saa. Ukipiga pedeli kwenda mbele, mnyororo unazidi kuikaza sproketi kwenye habu. Ukizuia pedeli, nguvu ile inageuka na kuanza kuifungua. Kwa sababu hiyo habu halisi ya fiksi ina ngazi mbili za hesi: ile pana ya kupokea sproketi, ambayo ni ya kulia, na nyingine nyembamba zaidi upande wa nje, ambayo ni ya kushoto na hupokea loknati, yaani pete ya kuizuia sproketi isitoke. Sproketi ikitaka kufunguka inaisukuma loknati, na kwa kuwa loknati imefungwa kwa hesi ya kinyume, inakazika badala ya kulegea. Habu ya baiskeli ya kawaida ina ngazi moja tu, na loknati ya kushoto haina pa kushika. Fundi anayechomelea friwili juu ya habu kama hiyo ameizuia isizunguke ndani yake, lakini hakuizuia hata kidogo isifunguke nzima nzima kutoka kwenye habu. Wapo wanaoongeza nati ya hesi ya kulia juu yake pamoja na gundi, wakadai kuwa wameimaliza kazi. Nati inayofunguka kwa upande ule ule inaofungukia sproketi haizuii kitu, zitatoka pamoja. Juu ya hayo, moto wa kuchomelea unaunguza grisi na kuupunguza ugumu wa chuma cha friwili yenyewe.

Sasa fikirini itafunguka wakati gani. Haifunguki mbele ya duka kijana anapoijaribu taratibu huku muuzaji akimsifu, wala haifunguki siku anayoizungusha uwanjani na wenzake. Inafunguka pale anapozuia pedeli kwa nguvu zake zote kwa sababu mtoto amekatiza mbele yake, yaani ile sekunde ambayo hana kitu kingine cha kumsimamisha kwa kuwa breki zote mbili zimebaki kwenye sanduku la fundi.

Utetezi wa wauzaji ni kwamba baiskeli za mashindano hazina breki. Katika velodromu, yaani uwanja maalumu wa kuzunguka wa mashindano ya baiskeli, jambo hilo ni kweli, na kanuni za mchezo huo zinakataza breki, kwa sababu waendeshaji wote wanakwenda upande mmoja, hakuna makutano wala gari, na anayesimama ghafla atawaangusha walio nyuma yake. Hivyo ndivyo yalivyo mashindano ya keirin yaliyoanzishwa Japani mwaka 1948. Lakini Darajani si velodromu. Darajani kuna daladala zinazosimama bila ishara, vespa zinazopita pande zote mbili, mikokoteni, wanafunzi wanaotoka skuli na mtalii aliyeganda katikati ya njia akipiga picha. Vichochoro vya Mji Mkongwe navyo havikuachii hata hatua mbili za kumwona anayetokeza kwenye kona.

Nchi zenye fiksi nyingi zimelijua hili muda mrefu. Uingereza, kwa kanuni za mwaka 1983, baiskeli ya fiksi inayotumika barabarani lazima iwe na breki kwenye gurudumu la mbele. Mwaka 2016, mjini London, kijana aliyekuwa akiendesha baiskeli ya uwanjani isiyo na breki ya mbele alimgonga mwanamke aliyekuwa akivuka barabara, na mama huyo akafariki. Kesi ilisikilizwa mwaka uliofuata na kijana akahukumiwa kifungo cha miezi 18. Hapo palikuwa na baiskeli iliyotengenezwa kiwandani, yenye habu yake sahihi. Sisi hatuna hata hiyo.

Na sababu ya kutaka breki ya mbele si urembo. Baiskeli inapopunguza mwendo, uzito wa mwili unahamia mbele na gurudumu la nyuma linakuwa jepesi, hivyo tairi lake linateleza mapema. Anayesimama kwa gurudumu la nyuma peke yake, hata awe na miguu ya chuma, anahitaji takriban mara mbili ya masafa anayoyahitaji mwenye breki nzuri ya mbele. Mpanda fiksi mwenye akili anaiweka breki hiyo na anaitumia. Miguu inabaki kwa ajili ya kurekebisha mwendo.

Mpwa wangu aliuziwa moja ya baiskeli hizi katika duka la hapa mjini ambalo sitalitaja. Wakati wa likizo akapanda nayo boti kwenda Pemba kwa babu yake, na katika mteremko wa huko Mkoani friwili iliyochomelewa ikafunguka. Maneno yake mwenyewe ni haya: "Mjomba, nilizuia, mara pedeli zikawa nyepesi." Amevunjika mtulinga, na tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwamba hakukuwa na gari linalopanda. Niliikagua habu baada ya kurejeshwa mjini na nikakuta hesi zake zimekwanguka kuanzia ndani hadi nje. Nilipompelekea muuzaji gurudumu lile alinijibu, "Mzee, fiksi ndivyo zilivyo, kijana wako hajaizoea tu." Hakuligusa wala hakulitazama.

Aizoee vipi? Hakuna mazoezi yanayoirudisha sproketi kwenye habu ikishatoka.

Nilipohesabu meno ya sproketi nikazidi kukasirika, maana hata giya ilichaguliwa bila kufikiri. Mbele meno 48, nyuma 16, yaani gurudumu linazunguka mara tatu kamili kwa kila mzunguko wa pedeli, na baiskeli inakwenda zaidi ya mita sita. Hiyo ni giya ya mtu mwenye misuli kwenye barabara tambarare. Kuipandisha kwenye vilima vya Pemba ni adhabu, na kuizuia mteremkoni ni vigumu zaidi kuliko kuizuia giya nyepesi, kwa sababu kadiri giya inavyokuwa nzito ndivyo miguu inavyopoteza uwezo wa kulishinda gurudumu. Kuna kasoro nyingine inayotokana na kule kugawanyika kwa ukamilifu: 48 kwa 16 ni 3 kwa 1, kwa hiyo kila unapolifunga gurudumu likaburuzika, pedeli zikiwa katika mkao ule ule, tairi linasuguliwa mahali pale pale pamoja. Sproketi ya nyuma ingekuwa na meno 17, msuguano huo ungegawanyika katika sehemu 17. Tairi la mpwa wangu lilikuwa limelika hadi nyuzi katika eneo la upana wa kiganja, ilhali sehemu zake nyingine bado ni mpya, na yeye alidhani ameuziwa tairi bovu.

Kwa Unguja, 44 kwa 18 au iliyo karibu na hapo inamtosha mtu wa kawaida: kila mzunguko unampeleka mita tano na ziada, na kwa mizunguko 90 kwa dakika anafika karibu kilomita 28 kwa saa. Pemba hata giya hiyo si jawabu la kila kitu. Ukishuka kwa kilomita 40 kwa saa, miguu italazimika kuzunguka kama mara 130 kwa dakika, na huwezi kuiambia isimame. Kwa hiyo wakaazi wa Pemba, maoni yangu ni kwamba msinunue fiksi kwa ajili ya barabara zenu. Nunueni singo, yaani baiskeli ya giya moja, yenye friwili na breki mbili.

Na kwa kweli hata hapa Unguja wengi wenu mnaitafuta singo bila kujijua. Mnachokipenda ni wepesi wa baiskeli isiyo na vikorokoro, na wepesi huo upo kwenye singo bila ya hatari ya fiksi. Hewa yetu ya chumvi inazila waya na springi za kubadilishia giya, na mchanga wa Paje au Jambiani unamaliza kilichobaki. Singo ukiisuuza kwa maji baridi na kuutia mnyororo mafuta inaendelea kukutumikia. Asikudharau mtu kwa kuwa na giya moja. Washindani wa Tour de France hawakuruhusiwa vifaa vya kubadilishia giya hadi mwaka 1937, na kabla ya hapo walikuwa wakishuka kwenye baiskeli na kuligeuza gurudumu la nyuma ili kutumia sproketi ya upande wa pili.

Anayetaka vyote viwili atafute habu ya pande mbili, upande mmoja fiksi yenye loknati yake na upande mwingine friwili. Atazame pia fremu. Pale ekseli ya nyuma inapokaa pawe na mwanya mrefu wa mlalo, ili gurudumu livutwe nyuma na mnyororo ukazike, ukibakiza mchezo wa kama sentimita moja juu na chini. Fremu ambayo mwanya wake umesimama wima haifai kwa fiksi, na kile kigurudumu cha springi wanachokiweka kukaza mnyororo ni cha singo peke yake. Kwenye fiksi ukizuia pedeli mnyororo unakivuta na kukikunja. Ringi za chuma cha kromu ziepukwe na wanaotembea wakati wa masika, kwa sababu zikilowa breki hazishiki vizuri. Za alumini ni bora zaidi.

Sasa nasema na wauzaji, na najua baadhi yao wanasoma hapa. Friwili ya kuchomelea muiache kabisa, hata mteja akiitaka mwenyewe. Fiksi isitoke dukani bila loknati ya kushoto na breki ya mbele, na mnunuzi aonyeshwe vyote viwili kabla ya kutoa pesa. Mliokwishauza mrudishe fedha au mbadilishe gurudumu kwa gharama zenu. Huyo aliyemuuzia mpwa wangu namtaka alipe baiskeli na matibabu, na kama hataki tutakwenda kwa sheha, kisha panapohusika, na gurudumu ninalo.

Nanyi mlionunua, laleni leo mkiwa mmekwishazikagua. Tazama upande wa mnyororo, nje ya sproketi ya nyuma. Ukiona pete nyembamba yenye mapengo ya kuingizia spana ya ndoano, ijaribu: iwe inafunguka kwa kuzungushwa upande wa saa, kinyume cha nati nyingine zote. Ukiona alama za kuchomelea, au nati inayofunguka kama kawaida, usiipande tena baiskeli hiyo, hata kwenda dukani. Wekeni picha zenu hapa chini, bila kutaja jina la muuzaji, pamoja na idadi ya meno ya mbele na ya nyuma, nami nitamjibu kila mmoja. Na anayejua mahali zinapopatikana habu halisi za fiksi, Unguja au Pemba, aandike bei yake, kwa sababu nimezunguka Darajani na Mwanakwerekwe sijaziona.