Tupeane uzoefu: ulianzaje kurusha gemu laivu ukiwa na mtazamaji mmoja, na huyo mmoja ni simu yako mwenyewe?

PadiMbovu (mwanzisha uzi)
Wakuu, habari za jioni. Nyuzi za "ninunue kompyuta gani ya kustrimu" zimejaa humu. Ninachotaka tuzungumzie ni kile kipindi cha mwanzo, unapiga kelele peke yako chumbani, wa nyumbani wanakuchungulia mlangoni, na namba pembeni inasoma 1. Hiyo 1 ni simu yako, umeifungua uone kama picha inatoka.

Nianze mimi. Niko Dar, nacheza eFootball kwenye PS4, inarusha yenyewe YouTube bila kompyuta. Namba haikunitesa sana, kilichonitesa ni kimya. Unamuuliza mtu "unatoka wapi mkuu?" halafu unasubiri. Yeye anakuona kwa kuchelewa sekunde kadhaa, aandike, jibu likufikie, wewe umeshanuna na unapiga kona. Kuna mtu aliandika "mambo" nikaja kuliona mechi imeisha. Nikamjibu kwa bashasha zote, mwenzangu keshaondoka zamani. Siku hizi simu ya chati naiegemeza chini ya TV katikati, usawa wa ile ramani ndogo ya uwanja, maana macho yanashuka pale kila dakika.

Dawa ya kimya niliipata redioni. Natangaza mechi yangu mwenyewe, "anaambaa na winga ya kulia, anaingiza krosi, lahaulaa!" Awe yupo mtu au hayupo, mpira hautangazwi kwa kunong'ona. Anayeingia ghafla anakuta shughuli inaendelea, hakuti jamaa ametumbua macho.

Haya, leteni zenu.

bando_la_usiku
Mwanza hapa. Hayo ya kimya ni ya wenye uwezo, sisi wengine adui ni bando. Fanyeni hesabu kabla ya kuanza. Ukirusha picha ya 720p kwa kilobiti 2,500 kwa sekunde, saa moja inakula GB 1 na ushee. Ukijifanya wa 1080p kwa kilobiti 6,000, ni karibu GB 2.7 kila saa. Sasa una mtazamaji mmoja, unamchomea GB 5 kwa mechi za jioni moja, na yeye anaangalia kwenye simu ya kioo kidogo, tofauti haioni.

Jingine, tukipima spidi tunaangalia ya kupakua tu. Laivu inategemea ya kupakia, na ndiyo inayokuwa ndogo. Mimi nashusha OBS, ile programu ya kurushia kwenye kompyuta, mpaka kilobiti 1,500, picha 480p, sauti naiacha safi. Picha ikiwa na ukungu mtu anavumilia, sauti ikikatakata anaondoka. Na narusha usiku wa manane, mtandao ukiwa mwepesi na bando la usiku likiwa na bei ya kibinadamu. Umeme ukikatika ndo basi tena, nalala.

Stima_Imerudi
Niaje wadau, Nairobi. Mimi nitawaambia ukweli, Twitch, ule mtandao wa kurushia gemu laivu, usianzie huko. Ukifungua gemu kubwa pale na kuipanga kwa idadi ya watazamaji, wenye maelfu wako juu na wewe mwenye wawili uko chini kabisa. Nani atashuka mpaka huko akutafute? Afadhali TikTok, inakusukumia watu hata hawakujui. Wengi wanapita tu, lakini wanapita.

PadiMbovu
@Stima_Imerudi hapo nakubali nusu. Wa TikTok wanaingia kwa fujo na kutoka kwa fujo, mara "tuma salamu", mara "fungua kamera". Mimi wateja wangu wa kudumu wametoka kwenye kundi la WhatsApp la ligi yetu ya mtaani. Wanakuja kunizomea nikifungwa, ila wanakuja.

Stima_Imerudi
Hao si watazamaji, hao ni majirani 😂

Binti_Raha
Tanga. Nacheza PUBG Mobile kwa simu, na sisi wanawake tuna mlango wetu wa kuingilia. Maikrofoni ikiwaka tu, mtu wa kwanza: "we ni mwanamke kweli au umebadilisha sauti?" Wa pili anaomba namba. Ukiwa na watazamaji wanne na wawili ndio hao, nusu ya ukumbi imeshaharibika. Nilichofanya, binamu yangu nimempa usimamizi wa chati, halafu maneno ya matusi nimeyafungia kwenye mipangilio, ya Kiswahili niliyaandika mwenyewe moja moja maana mfumo hauyajui. Tuliandika tunacheka mpaka shangazi akaja kuuliza kulikoni.

Na wenzangu wa simu, washeni "Usisumbue" kabla ya kurusha. Programu inarusha kila kinachotokea kwenye kioo. Mimi uliingia ujumbe wa pesa na salio likasomeka laivu. Aliyekuwa kimya muda wote akaandika kwa mara ya kwanza: "dada nikopeshe".

mgeni_wa_konsoli
Wakuu, mimi ndo naanza Twitch. Jana kaingia mzungu, ananisifia nina kipaji, anataka anitengenezee nembo. Mwingine anasema ataniletea watazamaji 500. Nimjibu?

bando_la_usiku
Mkuu achana nao. Hao hukaribisha kila anayeanza. Wa nembo atakuomba dola, wa watazamaji atakuletea roboti, yaani watazamaji feki, na Twitch wakigundua akaunti ndiyo inayoumia. Zuia, endelea.

mgeni_wa_konsoli
Kumbe. Nilishamwambia asante sana.

Mswahili_Muscat
Nipo Oman, tuko mbele ya nyumbani kwa saa moja. Nilianza kwa Kiingereza kwa kudhani nitapata dunia nzima. Dunia nzima haikuja. Kwa Kiingereza nashindana na watu wenye studio, kwa Kiswahili nashindana na nyie hapa. Nikageukia Kiswahili cha nyumbani Unguja, wakaanza kuja wachache, lakini hawa hawatoki mpaka nifunge. Kuna mzee anaingia kila Ijumaa usiku, gemu haijui hata jina, anataka tu kusikia watu wakizungumza.

mgeni_wa_konsoli
Na hela inaanza kuingia lini?

PadiMbovu
Kaa kitako. Sharti la kawaida la YouTube kupata hela ya matangazo ni wafuatiliaji 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya miezi 12. Hata ukifika, malipo hayatoki mpaka zifike dola 100. Twitch kwa muda mrefu sharti la hatua ya kwanza lilikuwa wafuasi 50 na wastani wa watazamaji 3 kwa wakati mmoja. Watatu wanaonekana kidogo, lakini ni wastani. Ukiwa na sita leo na kesho uko peke yako, kazi bado. Kwa sasa usiache kibarua chako.

Stima_Imerudi
TikTok nishapewa zawadi ya waridi. Waridi ni sarafu moja. Tusidharauliane.

PadiMbovu
Hongera tajiri. Leo saa tatu usiku nina fainali ya ligi ya mtaa, kiungo nimeweka kwenye wasifu. @mgeni_wa_konsoli njoo, uandike "mambo" mapema.

bando_la_usiku
Saa tatu? Bando langu linaanza saa sita. Sogezeni fainali.